Nusu Siku Kutoka Tandale

Mama alinifunga kwa ombi moja, akichambua mchele kwenye ungo, uani kwetu Tandale. Wiki ile alikuwa ametoka hospitali. Kisukari kilikuwa kimeondoka na vidole viwili vya mguu wake.

"Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeshuka kaburini unipokee."

"Mama nawe! Si watu wapo?"

"Watu gani? Kaka yako yuko Maskati, hatawahi. Wajukuu wote wa kike. Mkwe wangu hata kunipa mkono anaona haya. Unataka watu baki wanishike kiuno?"

Nikacheka, nikasema sawa. Sikujua nimeahidi nini. Kwetu maiti hacheleweshwi. Anayefariki alfajiri, alasiri kashazikwa. Kwa hiyo nisiwe mbali na Tandale zaidi ya nusu siku, na hakuna aliyeniambia hadi lini.

Mie niliacha shule darasa la sita kwa sababu darasa letu lilitazama barabara, na nilitaka kujua malori yanaishia wapi. Nikawa utingo, nikavuna chumvi, nikalala kwenye miji ambayo sikujua hata majina yake. Baada ya ombi lile nikawa mtu wa kupima saa. Tanga, naweza. Morogoro, naweza. Mbeya, hapana. Nikaishia kupakia saruji kiwandani Wazo, karibu na nyumbani, kisha nasimama getini kutazama malori niliyoyapakia yakiondoka bila mimi.

Kilichoniuma zaidi, yeye mwenyewe alikuwa na hamu na dunia kuliko mie. Alizaliwa Tandale ikiwa bado na minazi, akaolewa humo humo, akatuzaa, akauza vitumbua mlangoni kwake hadi wajukuu wakamsaidia kugeuza, na hakuwahi kuvuka Bagamoyo. Kila nikirudi huuliza, "Wa huko asubuhi wanakula nini?"

"Magimbi ya kuchemsha, Mama."

"Bila nazi? Masikini ya Mungu!" Na wajukuu wanaangua kicheko.

Miaka kumi na moja ikapita. Akaugua, akapona, akaugua tena. Siku moja nilimtazama akinywa uji wake taratibu, nikajikuta najiuliza itakuwa lini. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo.

Mara moja nilijaribu kutoroka. Dereva mmoja alinipa nafasi hadi Lubumbashi, nikafunga begi. Mama akasema kutoka kitandani, "Nenda, baba. Mie sijakushika." Nilifika Chalinze nikateremka. Jioni nikaingia ndani, akanitazama.

"Umesahau nini?"

"Mswaki."

Akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki asubuhi, mie nikiwa Wazo na vumbi hadi kwenye kope. Dada alipiga simu, akashindwa kumaliza sentensi. Nilifika kabla ya adhuhuri, nikaoga mara mbili, saruji ikabaki kwenye kucha. Wanawake walikuwa wanamwosha ndani, nami nikakaa kibarazani na mikono yangu, sijui niiweke wapi.

Kaburini tulishuka wawili, mimi na shemeji, mume wa dada. Juu yetu wakatandaza shuka, kama inavyofanywa kwa mwanamke, kukawa na kiza na joto, na ukuta wa udongo ukinigusa mabega yote mawili. Shemeji alishika upande wa miguu, uso ameugeuzia pembeni. Mie nilimpokea upande wa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, sikuupata. Tukamlaza ubavu, nikalegeza fundo la sanda, nikafunua shavu liguse udongo kama nilivyoelekezwa.

Shemeji akapanda. Mzee mmoja akapitisha mkono chini ya shuka. "Haya baba, toka, watu wamfukie."

"Bado kidogo, mzee."

"Bado nini tena?"

Nikainama, nikaweka sawa udongo chini ya shavu lake, ingawa ulikuwa sawa tayari.