Kovu la Kisogoni

Nywele za mbele zilianza kuniacha nikiwa bado msichana, kwa kusukwa kwa nguvu mwaka baada ya mwaka. Nilipopata kazi ya kuuza vitambaa Thika, paji la uso lilikuwa limepanda hadi karibu na utosi. Nilichoka kujifunga kilemba kila asubuhi, nikaenda kupandikizwa nywele.

Daktari alikata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, akashona kidonda, kisha akaipanda mizizi ya nywele za ukanda huo huku mbele, mmoja mmoja. Nilirudi Ruiru kwenye nyumba yangu ya kupanga uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Nililala nimeketi, nimeegemea mito, kwa maana kisogo hakikugusika. Kila nilipoinama kufua, ngozi ilivuta.

Mama alitoka Makongeni kuja kuniosha kichwa. Alimwaga maji ya uvuguvugu kwa kikombe, polepole, vigaga vikalainika na kubanduka. Siku moja nywele nazo zikatoka.

“Mami, si hizi ndizo ulizopandwa?” aliuliza, akinionyesha kiganja. Huniita mami kwa kuwa nina jina la mamake.

“Daktari alisema zitaanguka kwanza, halafu zimee upya.”

Alinikausha kwa taulo, akaenda kupika chai.

Miezi ikapita, paji likiwa tupu vilevile. Kidonda cha nyuma kilikuwa kimefunga na nyuzi zilishatolewa, lakini kovu likaanza kuwasha, likainuka, likawa gumu kama kamba chini ya ngozi. Nikarudi kwa daktari. Alilibonyeza kwa kidole.

“Kwenu kuna mtu ambaye makovu yake huvimba?”

Nikamwambia kuhusu sikio la Mama, lililofanya nundu pale alipotobolewa. Akaitikia kwa kichwa, akanichoma sindano ndani ya kovu lenyewe. Maumivu yake yalishinda ya upasuaji. Nikawa mtu wa kurudi kuchomwa, kungoja, kurudi tena. Kovu likashuka kidogokidogo.

Katikati ya uchovu huo nywele za mbele zikaota, kwanza laini kama za mtoto mchanga, kisha nzito. Sikuruka kwa furaha. Nilizipapasa tu, nikaenda kazini.

Jumapili moja nilimwomba Mama atazame nyuma aniambie ukweli. Alitenganisha nywele kwa vidole.

“Linaonekana,” alisema. “Hapa ni peusi, na nywele hazijaota. Lakini mpaka mtu atafute.”

“Na nikinyoa?”

“Usinyoe.”

Siku hiyo nilienda naye kanisani kichwa wazi. Wanawake wawili walinisifia nywele mlangoni, nikawashukuru. Kisha nikachagua benchi la mwisho, lile linalogusa ukuta, ili pasiwe na mtu wa kuketi nyuma yangu.