Mkono Ulioinuliwa Stesheni

Mwezi uliopita nilikuwa stesheni ya Dodoma asubuhi, nikitazama mabehewa ya kubebea ngozi yakipangwa. Msimamizi wa mabehewa, mtu wa Bagamoyo, alisimama kando ya reli akimwongoza dereva wa injini, Mhindi mwenye ndevu nyeupe. Mfanyakazi mmoja Mgogo alikuwa ameinama kati ya mabehewa mawili, akifunga mnyororo.

Mara gari la abiria kutoka pwani likaingia njia ya pili. Dirishani alikaa mwanamke mwenye kanga nyekundu. Msimamizi alipomwona akainua mkono juu kabisa.

Kwa dereva, mkono huo maana yake ni rudi nyuma, na angerudi, angembana yule Mgogo. Lakini dereva hakugusa kitu. Alichungulia nje, akauliza taratibu, "Bwana, mkono huo ni wangu?"

Msimamizi akaushusha upesi. "Si wako, mzee. Nilidhani ni mke wangu. Mwaka wa pili huu sijamwona."

"Ndiye?"

"Siye."

"Filimbi sikuisikia," dereva akasema, "na bila filimbi mimi siendi. Tulipatana hivyo."

Mgogo akatoka akipangusa mikono, hajui lolote. Msimamizi akamshika bega kwa kitambo, kisha akainua mkono na kupuliza filimbi.

Siku hizi gari la pwani likiingia, msimamizi hufunga mikono nyuma. Ningemcheka, wasomaji wangu, lakini mimi nami huenda stesheni kila juma, na sina mgeni ninayemngojea.