Walituita Kucheza, Wakatufungia Kamba

Sisi tuliokulia Ngagara tunajua Jumamosi mchana ilikuwa na harufu gani: visamaki vya ndagala vya kukaanga, sabuni ya kufulia, na vumbi lililotimuliwa na miguu ya mama zetu wakifanya mazoezi ya ngoma kwenye uwanja ulio kati ya nyumba na nyumba. Hapakuwa na ukumbi. Mama Spesi, mshonaji wa mtaa wetu, alipiga makofi tu, na wanawake wakatoka majikoni mikono ikiwa bado na unga wa muhogo. Sisi watoto tuliacha mpira wetu wa majani ya migomba, tukajipanga nyuma yao.

Yeyote aliyepita aliingia. Siku moja mwanamume wa Buterere, mwenye gunia la mchele kichwani, alisimama akatazama, kisha akasema, "Mi naona miguu inachelewa. Kwetu mu mashamba tunakanyaga tope hivi."

Mama Spesi hakumuuliza yeye ni nani. "Weka chini hiyo gunia, utuonyeshe."

Akatuonyesha. Dada yangu Goreti, msichana wa miaka tisa, aliushika mwendo ule kabla ya watu wazima, na Mama Spesi akamvuta mstari wa mbele. "Mutoto ameona. Tumufuate." Tangu hapo hatukucheza arusi bila mwendo huo wa kukanyaga tope.

Basi mwezi uliopita kikundi cha vijana kule Mutanga Nord kikatangaza kwamba mazoezi yao yako wazi kwa wote: njooni tutengeneze ngoma pamoja. Ati ni jambo jipya! Mimi nilicheka, lakini Goreti, ambaye sasa ana wajukuu, alipiga pasi kitenge chake tangu asubuhi.

Tulikuta viti vya plastiki, na mbele ya viti kamba. Vijana walicheza, wakasimama kujitazama kwenye simu, wakacheza tena, mabega yamekauka kama ya askari kwenye gwaride. Goreti alivumilia nyimbo mbili, kisha akainuka, akavuka kamba. "Wanangu, bega inatangulia, muguu inafuata. Muangalie."

Hakufika hatua ya tatu. Kiongozi wao, kijana mwenye filimbi shingoni, akamkatiza. "Pardon, mama, kaa kwanza. Uko naharibu video."

Watu wakacheka. Wakacheka! Nilisimama. "Mumetuita tutengeneze pamoja. Hiyo pamoja iko wapi? Ao mulitaka tu watu wa kujaza viti?"

"Mutauliza maswali mwishoni, mama. Kuko dakika kumi."

Dakika kumi! Nilimshika Goreti mkono, tukatoka. Msichana mmoja wa kikundi alitukimbilia hadi barabarani, jasho likimtiririka, akaomba aonyeshwe lile bega. Goreti alimwonyesha palepale kando ya mtaro, mara tatu, mpaka akalipata. Mtoto yule alishukuru kwa mikono miwili, akarudi ndani mbio kabla hawajamwona. Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Kwa nini ajifunze kwa kujificha kitu ambacho Goreti alialikwa kukileta?

Tukiwa njiani Goreti aliniuliza polepole, "Nilikosea kusimama?"

"Apana," nilimjibu. Miaka yote ya Ngagara, kwenye vumbi lile, sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo.