Mwaka Niliokuwa Sultani

Harufu ya miyaa ya mikeka ikichemka kwenye sufuria ya rangi hunirudisha Zinga, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yetu, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nikawa sultani.

Usultani nilipewa na Rehema, binti wa mama mkubwa, aliyekuja likizo kutoka Dar na daftari na dadu moja ya ludo. Ndani ya daftari alikuwa amebuni nchi nzima, yenye majini, mapenzi na vita, na kila mmoja wetu alipewa mtu wa kuwa. Saumu, rafiki yangu wa nyumba ya pili, akawa binti yangu. Rehema mwenyewe alisimulia na kuwasemea majini. Sharti lake lilikuwa moja: kabla ya kurusha dadu, ueleze kwa nini unalolitaka ni haki.

Pembeni yetu shangazi Mwanahawa, mdogo wake baba, alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Alikuwa ameposwa na mtu wa Kerege, baba akakubali, na harusi ilisubiri tu Ramadhani, iliyokuwa bado kuanza, ije ipite. Mimi nilichojua ni kwamba kutakuwa na pilau.

Siku hiyo nchi yangu ilikauka visima. Jini mmoja aliyempenda binti yangu akaniambia ataleta mvua nikimwoza. Nikakubali bila hata kumeza mate. Mvua ikanyesha. Saumu akagoma.

"Simtaki."

"Mimi ni baba yako na nimeshasema," nikamjibu. "Jini katimiza lake. Tukimnyima, sisi ni waongo."

"Uliyesema ni wewe. Basi nenda ukaolewe wewe!"

Tulibishana hadi adhana ya alasiri. Nilitetea heshima ya neno langu kwa mikono na macho, na kusema kweli nilijiona nashinda. Kisha Rehema akauliza, "Huyu jini anampenda kweli, au anataka kulipwa mvua yake?" Saumu akarusha dadu akashinda, jini akarudi zake baharini, na mvua haikukatika. Nilinuna. Nilipogeuka nikitafuta wa kunitetea, nikaona mikono ya shangazi imesimama.

"Na huyo sultani," aliuliza taratibu, "akirudisha neno lake, anafanywa nini?"

"Anaona aibu tu, shangazi," Rehema akasema. "Hafi."

Kesho yake asubuhi baba alikuwa akinywa chai. Shangazi akamwamkia, akakaa mkekani mbele yake.

"Kaka, yule mtu simtaki."

Baba akaweka kikombe chini. "Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Hukuniuliza."

Nilikuwa mlangoni na ufagio mkononi. Nilingoja ngurumo, maana baba yangu alikuwa mkali. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, akaenda Kerege peke yake kurudisha posa. Alirudi jua likiwa kali, midomo imekauka. Watu wa yule mposaji hawakumpa hata maji. Kwa muda mrefu baadaye watu wa ukoo ule walikuwa wakimpita msikitini bila salamu, naye hakumlaumu shangazi hata siku moja.

Shangazi alikuja kuolewa na kijana wa Saadani aliyemchagua mwenyewe. Pilau nililila, nikavimbiwa.

Kwa miaka mingi nilidhani shujaa wa kisa hiki ni shangazi, na kidogo Saumu kwa ulimi wake. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipomwona baba. Mimi, sultani wa daftari, nililishikilia neno langu kwa kuwa kulirudisha kungeniumiza mimi. Yeye alilibeba lake mchana kweupe, akalirudisha kwa mkono wake, akanyamaza na aibu yake. Kwa hilo namshukuru hadi leo.

Nilipokuja kuposwa mimi, aliwaacha wageni sebuleni akanifuata jikoni, nikikuna nazi.

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nikamwomba siku mbili za kufikiri. Akaitikia kwa kichwa, akarudi sebuleni, nikamsikia akiwaambia wageni kwamba jibu bado, mwenyewe hajasema.