Gurudumu la Kushoto

Mzee wangu alikuwa na gari moja tu maishani, na ilikuwa kuukuu hata siku aliyoileta nyumbani. Msichana wetu wa kwanza alipokaribia kuolewa, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mzee aliapa mbele ya wakwe kwamba atampeleka kanisani Machakos kwa gari hiyo, si nyingine. Mimi nilikuwa naijua barabara ya kutoka Masii na nilikuwa naijua ile gari. Nilitaka mtoto wangu afike mzima.

Basi Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, nikaita fundi aipime. Masharti yake: gari iwe tupu, na watu wanyamaze. Akashika usukani yeye, mzee kando yake amekunja uso kama mtu aliyenyang'anywa shamba, mimi kiti cha nyuma.

"Mwaitu," fundi akaniita, vile wanavyomwita mama kwetu, "tega sikio hapo juu ya gurudumu. Ukisikia kitu kinalia, sema."

Hatukufika hata kwa mashine ya kusaga unga. Mzee akaona kina mama wa kanisa wanatoka maombi, akashusha kioo. "Simamisha! Utapitaje watu wetu na viti vitupu?"

"Mzee, tunapima gari."

"Si tupime na watu! Ama siku ya harusi itabeba mawe?"

Wakaingia na vikapu vyao. Majina yao wote ninayo kichwani mpaka leo, lakini wengine bado tunakaa benchi moja, nayaacha. Kusikia ni gari ya harusi, unafikiri walinyamaza? Waliimba! Mmoja alikuwa anapiga makofi karibu na sikio langu. Fundi akikanyaga breki, gari inavuta kushoto, nao wanaangukia kushoto wakicheka. Gia ya tatu ikachomoka yenyewe, wakapiga vigelegele.

"Nyamazeni nisikie gari!" nikapaza sauti.

"Aiya! Kwani anayeolewa ni gari?" akanijibu yule aliyekalia nguo yangu.

Fundi akasimama, akazima injini. "Atakayeimba tena atamalizia wimbo kwa miguu." Na jua lilivyokuwa kali, wakatulia.

Ndipo nikasikia. Kona ya kulia, chini yangu, mngurumo kama jiwe la kusagia. Kona ya kushoto, ukapungua.

"Inalia ukikata kulia," nikasema.

"Basi ni gurudumu la kushoto. Ukikata kulia, uzito wote unaliangukia."

"Hiyo ni barabara," mzee akasema. "Barabara hii imelia tangu wakati wa wazungu."

Fundi akatia jeki papo hapo, kina mama wamesimama kando kama mahakama. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Akagusa katikati yake, akarudisha mkono haraka kwa joto.

"Beringi imekwisha. Kwenye mteremko gurudumu linaweza kung'oka. Na spea ya gari hii haipatikani kabla ya Jumamosi."

Mzee akalitikisa mwenyewe. Akalitikisa tena, utafikiri litaona haya lijikaze.

"Tutaenda polepole," akasema.

"Wewe nenda polepole," nikamwambia. "Mtoto wangu haingii humo."

Hakunisemesha tena. Gari aliisemesha.

Jumamosi ndugu yangu akaleta pikapu. Mzee akakataa kupanda. Alisimama na suti yake, ameegemea gari yake, watu wote wanamngoja yeye, mpaka bibi harusi mwenyewe akateremka na shela, akamshika mkono.

"Baba, nani atanikabidhi kule? Hiyo gari?"

Akapanda. Njia nzima alimfundisha ndugu yangu kuendesha: punguza hapa, kata pale, mbona breki zako laini hivi. Tulifika kabla hata ya mchungaji. Mzee akateremka, akapangusa suti vumbi, akanigeukia.

"Unaona? Hata yangu ingefika."