Visigino Sakafuni

Asubuhi ile mwalimu wangu wa urubani alishuka kutoka kiti cha kulia, akafunga mlango, akagonga bawa mara mbili.

"Leo uko peke yako. Itembeze mpaka mwisho wa uwanja, urudi, mara tatu. Nikiridhika, utapaa."

Sikuwa nimejua kwamba kiti kitupu kina uzito.

Uwanja wetu ni kipande cha ardhi nyekundu ng'ambo ya mji wa Wamunyu, kinachoteremka hadi kwenye ua wa miiba. Nyuma ya ua huo, si mbali, mama yangu hupiga msasa twiga wa mbao kibandani mwake. Tangu baba afariki tumebaki wawili, naye amebaki huko peke yake, mimi nikiandika haya katika chumba changu mtaani Mumbuni. Alikuwa ameniambia, "Saa nne nitatoka nje. Nataka nikuone ukipita." Sikutaka kingine siku ile ila kupita juu yake.

Basi nikaitembeza ndege kama mtu aliyebeba mayai. Injini niliiacha ingurume, na miguu nikaikalisha juu ya makanyagio ya breki, nikiizuia ndege mteremko mzima. Nikarudi, nikashuka tena, nikarudi. Mara ya tatu, karibu na ua, kanyagio la kushoto lilizama mpaka chini, laini kama ndizi iliyoiva mno.

Breki ya kulia ikashika peke yake na pua ikageukia mtaro wa kando ya uwanja. Nikaondoa mguu wa kulia, nikapunguza moto wote wa injini, nikapiga la kushoto haraka haraka. Halikushika. Nikakata mafuta. Pangaboi likakoma, ndege ikajiburuta kwenye nyasi kavu, ikasimama hatua chache kabla ya miiba.

Kimya kikanijaa masikioni. Nikajaribu kanyagio. Lilikuwa gumu tena, kana kwamba halijafanya kitu.

Mwalimu akafika akihema. "Nini?"

Saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi. Ningeweza kusema nimekata kona vibaya tu, na huenda ningepaa.

"Lilizama," nikasema. "La kushoto. Mpaka chini."

Fundi, mzee wa Kikamba mwenye ovaroli iliyofifia, alisogeza kiganja karibu na gurudumu bila kuligusa. "Aiya! Mwiitu, msichana wewe, umeifanya ndege lori ya mchanga? Breki imechemka. Hii shida iko kwa miguu yako."

"Lakini imeshika sasa."

"Imeshika ndio ikudanganye ukitua."

"Visigino sakafuni, vidole visiguse breki," mwalimu akasema taratibu. "Ikikimbia, punguza moto kwanza. Leo hakuna kupaa."

Tuliisukuma kwa mikono hadi kwenye banda la ndege. Saa nne ilipofika, ndege nyingine ilipita juu sana, ikielekea pwani. Simu yangu ikatetemeka. Mama alikuwa ameandika: *Nimekuona! Nimepunga na mikono miwili.*

Nilisimama chini ya bawa, gurudumu likinipulizia joto mguuni. Nikaandika: *Si mimi, mama. Mimi niko chini.*

Mama akajibu:

*Sawa. Hata yule ni mtoto wa mtu.*

Nikapanda tena kwenye ndege isiyokwenda popote, nikaweka visigino sakafuni, nikakaa hapo mpaka fundi aliponiomba nishuke afungue gurudumu.