Wiki Sita za Kumbembeleza Chatu Ale

Saa moja asubuhi, siku ya Alhamisi, Elimringi Nkya ananusa panya.

Ni panya mweupe aliyekufa, ametolewa kwenye friji na kulowekwa katika maji ya uvuguvugu hadi akalainika. Elimringi anamnusa, anakunja uso, anamfuta kwa kitambaa, kisha anamnusa tena. "Bado ananuka plastiki huyu," anasema. Anamtumbukiza kwenye gunia la majani makavu ya migomba na kumviringisha humo taratibu, kama mtu anayepaka samaki unga kabla ya kumkaanga.

Mbele yake kuna boksi la mbao lenye kioo, limefunikwa kanga. Ndani yake, chini ya kipande cha chungu kilichovunjika, amejikunja mtoto wa chatu ambaye urefu wake haujafika mita moja. Hajala chochote tangu aletwe hapa, na hii ni wiki ya sita. Siku alipofika alikuwa na gramu 118. Jumatatu iliyopita mizani ilisoma 97. Asipokula leo, kesho atafunguliwa mdomo na kulishwa kwa nguvu.

"Wakiwa wachanga hivi, ukiwalisha kwa nguvu wengi hawafiki mbali," anasema Elimringi. "Nimeshazika wawili."

Elimringi, mwenye umri wa miaka 57, ni mtunza nyoka katika kituo kidogo nje kidogo ya mji wa Moshi, ambako wanafunzi na watalii huja kutazama na kupiga mayowe. Kazi hii ameifanya kwa miaka 26. Ameng'atwa mara tatu, zote na nyoka wasio na sumu, na zote, kwa maneno yake, "kwa makosa yangu mwenyewe." Amepanga chumba katika mtaa wa Majengo. Majirani wanampenda na kumsalimia vizuri, ila tangu ahamie pale hakuna hata mmoja aliyejitolea kumpokea mfuko anaporudi kazini.

Chatu huyu alipatikana Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumbani kwa Yuditha Munuo, mjane wa miaka 68 anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa. Alimkuta bandani asubuhi alipokwenda kukamua. Majirani walikuja mbio na mapanga. Yuditha akasimama mlangoni mwa banda, ndoo mkononi, akakataa kuwapisha.

"Niliwaambia, huyu ni mtoto," anakumbuka Yuditha. "Mnakuja watu wazima sita kupigana na mtoto? Wakacheka. Mpaka leo wakiniona wananiuliza hali ya mjukuu wangu."

Namba ya Elimringi alikuwa nayo tangu mwaka mtunza nyoka huyo alipokwenda kufundisha kwenye shule ya kijiji. Akampigia. Lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara, na Elimringi akafika siku ya tatu. Kwa siku hizo Yuditha alimtunza mgeni wake ndani ya debe, na kila asubuhi alimwekea bakuli la maziwa mabichi.

Nyoka hanywi maziwa. Elimringi alipomweleza hivyo, mama yule alishangaa kweli kweli.

"Sasa mgeni akiingia kwa Mmachame mwenye ng'ombe, apewe nini?" aliuliza. "Maji?"

Elimringi anacheka akisimulia hayo, halafu uso unabadilika. Anasema zamani, kila masika, alipigiwa simu mara tano, mara sita, na watu wa milimani walioona nyoka shambani. Simu zikapungua. Kwa miaka minne kabla ya Yuditha hakupigiwa hata moja. Siku hizi watu wanaua, wanapiga picha, wanarushiana kwenye simu.

"Mama huyu amechekwa na kijiji kizima kwa ajili ya nyoka," anasema. "Sasa huyu nyoka akinifia mikononi, watasema tulikwambia. Nani atanipigia tena?"

Kwa hiyo alijitahidi. Alisafisha boksi kila siku kwa sabuni ya unga. Akaweka taa ya joto. Akamletea panya weupe wanaozalishwa hapo hapo kituoni, akajaribu mdogo, akajaribu mkubwa, akajaribu kumtikisa mbele ya pua ya chatu kwa koleo ndefu. Chatu aligeuza kichwa. Wiki ya tano, Priska, msimamizi wa kituo, alimwita ofisini akamwambia kwa upole kwamba hawawezi kukaa wanamtazama akikauka.

"Mzee Nkya namheshimu, ndiye aliyenifundisha kazi," anasema Priska. "Nilimpa mpaka Ijumaa hii. Nilijua ananielewa, lakini alitoka bila kuaga."

Jumapili baada ya ibada Elimringi alipanda Machame kumwambia Yuditha ukweli, aupate kwake kabla ya kuusikia kwa wengine. Alimkuta nyuma ya nyumba, akizoa majani makavu ya migomba kutoka kwenye lundo ili akawatandikie ng'ombe. Alimwamkia shikamoo. Kabla hajaitikiwa, panya wa shambani, mweusi mweusi, akachomoka kwenye lundo na kupita katikati ya miguu yao.

Elimringi aliinama, akachukua konzi ya majani yale, akayanusa.

"Nikawa mtoto," anasema. "Hivi hivi ndivyo kulivyonuka kwetu."

Alizaliwa kilometa chache tu kutoka hapo, kwenye kihamba cha babu yake, shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba. Walilala juu ya magodoro yaliyojazwa majani hayo hayo, ng'ombe wakicheua upande wa pili wa ukuta. Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo lenye panya, na chatu mmoja mzee aliyekuja kuwafuata. Bibi yake aliwakataza kumrushia mawe. "Alisema, mwacheni, yuko kazini."

Kihamba hicho kimegawanywa mara mbili. Sehemu ya nyumba alipewa mdogo wake, naye akang'oa migomba na kujenga vyumba vya kupangisha. Elimringi hamlaumu, watoto wanne hawasomeshwi kwa ndizi. Lakini ni miaka tisa hajaenda, isipokuwa kwenye misiba, na hata hapo hukaa upande wa makaburi.

Pale kwa Yuditha, majani mkononi, ndipo alipoliona kosa lake. Chatu yule alikulia kwenye kihamba. Panya aliowajua walinuka majani ya migomba na samadi. Yeye alimpelekea panya walionuka pumba na plastiki, kwenye boksi lililonuka sabuni.

"Nilimsafisha mpaka nikamfutia kwao," anasema. "Mchaga mzima mimi! Mtu wa mjini angekosea hivyo, sawa. Mimi je?"

Yuditha alimjazia gunia kutoka chini kabisa ya lundo, kwenye viota, akinung'unika kwamba watu watasema amemuuzia mtu takataka.

Na sasa ni Alhamisi. Boksi halijaguswa na sabuni tangu Jumatatu, na sakafu yake imetandikwa majani. Elimringi anainua ncha ya kanga, anaingiza koleo, analaza panya karibu na kipande cha chungu. Kisha anakaa kwenye kigoda. Mwandishi wa makala haya anaulizwa kama anaweza kutopumua kwa nguvu.

Dakika ishirini zinapita. Kichwa kidogo kinatokeza, ulimi unaonja hewa, unarudi, unaonja tena. Chatu anasogea juu ya majani, anasimama, na anakaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba mtu anaanza kukata tamaa. Halafu anaruka. Jicho haliwahi kuona vizuri. Linaloonekana ni panya ameshikwa na kuzungushiwa mikunjo mitatu.

Elimringi anashusha kanga. Machozi yanamtoka na hayafichi.

Anasema mwakani atastaafu. Angependa kabla ya hapo mamlaka za wanyamapori ziruhusu chatu huyu, akishakua, arudishwe msituni. Angependa pia kwenda kwa mdogo wake, amwombe kipande cha ukubwa wa mkeka tu, apande migomba mitatu.

Kisha anatoka nje na kumpigia Yuditha, simu ikiwa kwenye spika.

"Dada, amekula."

Upande wa pili kunasikika kelele za gulio, na mama akishukuru kwa Kichaga. Anawatangazia walio karibu naye. Kuna kubishana kidogo, kuna kicheko, halafu anarudi kwenye simu.

"Elimringi, kuna watu watatu hapa wananiomba namba yako. Wanasema wawe nayo tu, masika yakianza. Niwape?"

Elimringi anasogeza simu karibu na mdomo.

"Wape, dada," anasema. "Waambie hata nikistaafu nitapokea."